Mwalimu Aliyeandikwa Binti Yangu

Usiku ule Nasimiyu hakurudi. Nilikaa karibu na jiko mpaka makaa yakawa majivu, nikisikiliza viatu. Viatu vyake nilivijua. Alivaa raba nyeupe alizozipaka chokaa kila Jumapili, na alitembea kama mtu anayechelewa treni hata akienda kuteka maji. Lakini nilichosikia ni buti tu, za askari wa kafyu, zikipita kutoka landhi moja ya wafanyakazi wa reli hadi nyingine. Mwaka ulikuwa 1955, na katika Nakuru ya wakati ule mtu mweusi aliyekutwa nje baada ya kafyu hakuulizwa habari za nyumbani.

Alikuwa ametoka asubuhi kwenda ofisi ya vibali, karatasi zake zote zikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Ilikuwa safari yake ya saba. Sheria mpya ilisema kila mwalimu aliyetoka nje ya Kenya awe na kibali kipya kabla mwezi wa Septemba haujaisha. Asiyekuwa nacho angepandishwa treni ya kurudi kwao Uganda, na darasa lake litafute mwalimu mwingine wa Kiingereza. Mwalimu mwingine hakuwapo. Mtihani mkubwa wa darasa la nane ulikuwa Novemba, na binti yangu Jepchumba alikuwa katika darasa hilo pamoja na wasichana wenzake, ambao sitawataja kwa idadi, na sababu mtaiona.

Jepchumba naye hakulala.

"Mama, labda amelala misheni."

"Labda."

"Mbona unasema 'labda' kama mtu aliye matangani?"

"Geukia ukuta ulale."

Aligeukia ukuta, lakini nilijua macho yalikuwa wazi. Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Mume wangu Kimaiyo husema kwamba nikiona wingu dogo juu ya mlima Menengai nishaanza kuanua nguo za landhi nzima. Lakini usiku ule wasiwasi ulikuwa na haki yake.

Nasimiyu alizaliwa chini ya Mlima Elgon, upande wa Mbale, mtoto wa mkulima wa kahawa. Alisomea ualimu kwa wamisheni huko huko kwao, na mwaka 1952 shule ya wasichana ya misheni hapa Nakuru ikamwandikia barua aje afundishe Kiingereza. Alifika kwa treni ya jioni, na sanduku moja la bati. Nyumba aliyoahidiwa alikuta imepewa katekista mwenye mke na watoto. Mke wa mchungaji akaniuliza kama ningeweza kumlaza kwa siku mbili. Kimaiyo alikuwa amehamishiwa stesheni ya Longonot, anakogeuza reli ili kila treni ishike njia yake, na reli ilikuwa imeturuhusu kubaki landhi ya Nakuru kwa ajili ya masomo ya watoto. Nafasi ya kulala mtu mmoja ilikuwapo. Siku mbili zikawa miaka mitatu.

Sisi ni Watugen wa upande wa Ravine. Kwetu msichana aliyefika duniani jioni huitwa Jelagat. Huyu naye alifika kwangu jioni, kwa hiyo kabla chai haijachemka nilikuwa nishamwita Jelagat. Alicheka akaitikia. Tangu siku hiyo shuleni alikuwa Mwalimu Nasimiyu, na mlangoni kwangu alikuwa Jelagat.

Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na hakuwa na subira na mtu anayenong'ona. Aliwaambia wasichana kwamba Kiingereza si wimbo wa kukariri bali ni kazi ya mikono. Kila mmoja alitakiwa afanye kazi ya nyumbani huku akiieleza kwa Kiingereza kwa sauti. Jepchumba alisonga ugali akijihutubia kama gavana. Siku moja Kimaiyo, akiwa amekuja kutoka Longonot, alimega tonge, akatafuna, akasema, "Kiingereza chenu kimeungua chini." Nasimiyu alicheka mpaka akatoka nje.

Mama yake alimtumia malewa kwa treni, zile chipukizi za mwanzi zilizokaushwa kwa moshi. Mara ya kwanza nilipozifungua nilidhani ni kamba za kufungia mizigo. Alizipika na karanga, na sasa mimi ndiye ninayeuliza kama kifurushi kimefika. Mimi nilisoma miaka mitatu tu, na sahihi yangu ilikuwa herufi zilizosimama mbalimbali kama watu waliogombana. Ni yeye aliyenifundisha kuziunganisha. Kumbukeni hilo, maana sahihi ile ndiyo iliyotuponza.

Basi ikaja ile sheria. Mwezi wa Machi walisema alama ya kidole inatosha. Mwezi wa Mei wakataka barua ya mwajiri. Mwezi wa Julai wakataka barua ya chifu wa kwao, na picha, na uthibitisho wa mahali anapolala. Dirisha la kwanza lilimwambia ajaze fomu ya buluu, la pili likamwambia fomu ya buluu ni ya Wahindi, chukua ya waridi. Alipojaza ya waridi akaambiwa ya waridi imefutwa wiki iliyopita. Mwalimu mmoja wa Tanganyika aliyekuwa akifundisha Gilgil alichoka, akafunga sanduku, akaenda kwao bila kuaga mtu.

Nasimiyu hakufunga sanduku. Alinunua daftari la shule, akawa anaandika kila safari: tarehe, dirisha, karani alikuwa nani au alifananaje, na neno alilosema. "Tarehe nne Julai, dirisha la pili, karani mwenye tai ya kijani: rudi Jumatano." Nilimwuliza ni ya nini.

"Mama, mtoto akikosea mara moja namsahihisha. Akikosea mara saba namwonyesha makosa yake yote kwa pamoja."

"Hao si watoto, binti yangu. Hao wana mihuri."

"Hata watoto wangu wana meno," akasema, akaendelea kuandika.

Asubuhi baada ya usiku ule alikuja, saa kumi na mbili na nusu, raba zikiwa na vumbi. Nilimshika mikono nikamtazama mbele na nyuma kama mtu anayenunua mbuzi. Alikuwa mzima. Ofisini walimchelewesha mpaka karibu na kafyu, akakimbilia misheni iliyokuwa karibu, akalala kwenye benchi la darasa lake.

"Kibali?" niliuliza.

Alikaa. Hakuvua viatu. Hapo nikajua.

"Mama, walifungua daftari lao la landhi, lile la kuandikisha watu. Nyumba hii haina Nasimiyu. Ina Jelagat binti Kimaiyo, wa miaka ishirini na minne, Mtugen wa Ravine. Karani akasema mtu mwenye majina mawili na makabila mawili wakati huu wa Hali ya Hatari ni mtu anayejificha. Amechukua karatasi zangu zote. Jumatatu niende nikajibu. Nikishindwa kujibu, treni ya Jumanne."

Jepchumba aliangusha kikombe. Mimi nilijua aliyemwandikisha Jelagat ni nani.

Ilikuwa mwaka uliotangulia. Karani na askari wawili walipita landhi kwa landhi wakiandika watu. Nasimiyu alikuwa nje bombani, anafua. Karani akaniuliza, "Mama, una watoto wangapi?"

Sasa, kwetu mtu hahesabu watoto wake. Kuhesabu ni kunyoosha kidole, na kinachonyooshewa kidole kinaonekana na kile kisichopaswa kukiona. Hata ng'ombe mtu anawajua kwa rangi na kwa majina, akikosekana mmoja boma linajua. Mama yangu angesikia nimemtajia mgeni idadi ya watoto angenitemea mate kifuani kuniosha. Nikamjibu karani, "Wapo, ni hao unaowaona."

"Wangapi?"

"Hao unaowaona."

Alikuwa amechoka, kulikuwa na joto. Akaanza kuwaandika mwenyewe mmoja mmoja. Jepchumba. Kipsang. Jeruto mdogo. Kisha akaelekeza kalamu dirishani, bombani. "Na yule pia ni wako?"

Nikasema, "Wote wanaokula hapa ni wangu." Hilo kwetu ni jibu la adabu. Ukisema "yule si wangu" juu ya mtu anayelala chini ya dari yako, umemfukuza.

"Jina?"

"Jelagat."

Akaandika. Nikatia sahihi, herufi zimeunganishwa vizuri, nikajisifu moyoni.

Nilimweleza Nasimiyu yote asubuhi ile ya Ijumaa. Nilitazamia akasirike, na angekuwa na haki. Aliweka mkono mdomoni. Alikuwa anacheka.

"Tangu Machi nawatafuta makarani walionivurugia, kumbe mwenyewe ananipikia uji!"

"Si la kucheka. Wataniuliza kwa nini nilisema uongo, na nyumba hii ni ya reli."

Aliacha kucheka. "Mama, unaweza usiseme kitu. Nitasema karani alikosea."

"Na wakikukamata kwa kumsingizia karani?"

Mchana nilimpa gadi wa treni ya kwenda Nairobi, ipitayo Longonot, ujumbe kwa Kimaiyo, nikimweleza yote. Jumamosi gadi yule yule aliniletea jibu dirishani pa behewa lake: "Mzee anasema: sema kweli. Anasema nyumba ni matofali tu." Nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo. Kimaiyo ni mtu wa maneno machache, lakini huyaweka mahali pake kama anavyoweka reli.

Siku mbili nilifikiri. Kweli ningeisema, lakini Mzungu wa ofisi ile angetaka namba, na namba sikuweza kuitoa. Jumapili baada ya ibada jibu likanijia. Jumatatu asubuhi niliwaosha watoto wote, nikampaka Jeruto mafuta mpaka akang'aa, nikawavalisha nguo za kanisani, tukatoka sote pamoja na Nasimiyu.

"Tunakwenda harusini?" Kipsang aliuliza.

"Tunakwenda ofisini. Simama wima, na usijikune."

Karani wa dirisha la pili aliitwa Kiplangat, Mkipsigis wa upande wa Kericho, kijana mwenye tai ya kijani. Lugha yetu na yao ni ndugu. Nikamsalimu, "Chamgei."

"Hapa ni ofisi, mama. Kiswahili." Hakuinua macho. Alimwona Nasimiyu, akavuta daftari kubwa, akaligeuza upande wangu. "Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Jelagat binti Kimaiyo yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

"Na Nasimiyu wa Mbale yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

Mwanamume mmoja nyuma yetu kwenye foleni akasema, "Mama amezaa mapacha katika mwili mmoja!" Watu wakacheka. Nilisikia masikio yakipata moto, lakini sikugeuka.

"Mama," Kiplangat akasema, "uongo kwa serikali ni jela. Kwa nini hukusema una watoto wangapi na mgeni mmoja?"

"Mwanangu, mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Ana watoto wangapi?"

Alifungua mdomo. Akaufunga. Alitazama mlango wa Bwana ofisa nyuma yake kana kwamba una masikio, kisha akatazama kalamu yake.

"Unaona," nikasema.

Akainama karibu na dirisha, na safari hii aliongea kwa sauti ya nyumbani. "Mama, mimi naelewa. Hata ningeulizwa mimi ningesema wapo. Lakini Bwana hana mstari wa 'wapo' kwenye fomu yake. Anataka namba."

"Namba sina. Lakini nimewaleta wenyewe."

Alichungulia chini akaona vichwa vimejipanga ukutani, na Jeruto aking'aa kama sufuria mpya. Alijisugua uso. Kisha akainuka, akagonga mlango wa ndani.

Bwana ofisa alikuwa kijana, pua imechomwa na jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha mashambani kwa walowezi. Niliingia na watoto wangu nikawaweka upande wa kushoto. Nasimiyu nilimweka upande wa kulia, peke yake, hatua tatu kutoka kwetu. Kiplangat alisimama katikati.

"Wewe mama nasema mwalimu hii mtoto yako. Kwa nini?"

"Bwana, sisi mgeni akila kwetu hatumwambii si wetu. Na watoto hatuwahesabu. Karani aliuliza, nikamjibu kwa adabu yetu, yeye akaandika kwa adabu yenu. Yaliyoandikwa si kweli. Kosa ni langu, si la mwalimu. Wale wa kushoto nimewazaa. Yule wa kulia namlisha. Hesabu wewe."

Kiplangat alimfafanulia kwa Kiingereza, na aliongeza maneno mengi kuliko yangu. Nasimiyu aliyasikia yote. Sikuyaelewa, lakini niliutazama uso wake, na ulikuwa uso wa mwalimu aliyepewa jibu sahihi na mwanafunzi asiyemtegemea.

Bwana akachukua penseli. "Moja," akasema, akimwelekezea Jepchumba. "Mbili. Tatu." Kila namba ilinipita kama baridi. Nilitazama sakafu nikawaombea mmoja mmoja kwa jina, haraka, kabla namba haijawafikia. Nilipoinua macho wote walikuwa wamesimama, na Kipsang alikuwa akijikuna.

Kisha Nasimiyu akaomba ruhusa, akaweka daftari lake mezani. Aliongea Kiingereza chake cha wazi, bila haraka, bila kunong'ona. Bwana alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili. Shingo yake ikawa nyekundu kama pua.

"Kiplangat! Dirisha moja nasema buluu, dirisha mbili nasema waridi?"

Kiplangat alitazama dari. "Zilikuwa amri za siku tofauti, Bwana."

"Na hii tai ya kijani nani?"

Kiplangat alifunika tai kwa faili.

Bwana alivuta lile daftari kubwa la landhi, akachora mstari juu ya jina la Jelagat binti Kimaiyo. Halafu akaniwekea kidole pembeni ya ule mstari. "Mama tia sahihi hapa. Sema huyu hapana mtoto yako."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Kusema kweli kwa mdomo nilikuwa nimekuja kusema. Kuandika kwa mkono wangu kwamba si wangu ni jambo jingine. Nilishika kalamu, nikairudisha mezani. Miaka mitatu alikuwa akila chunguni mwangu. Jeruto alipougua surua ni yeye aliyekesha naye ili mimi nilale. Nikasema moyoni, nikiandika nimemfukuza, nisipoandika wanamfukuza wao.

"Tia, Mama," Nasimiyu alisema kutoka upande wake wa chumba. "Mimi nitajua, na wewe utajua. Huyu hahitaji kujua."

Nilitia. Herufi zote zilishikana.

"Sasa nje wote. Ngoja."

"Bwana, mtihani wa wasichana ni Novemba," nikasema.

"Ngoja nje."

Mlango ukafungwa. Tulikaa kwenye benchi refu la ubao. Niliusikia mlio wa simu ndani, na sauti ya Bwana ikiuliza, ikinyamaza, ikiuliza tena. Jepchumba alikuwa amemshika Nasimiyu mkono, na midomo yake ilikuwa ikienda. Nilidhani anaomba, kumbe anakariri vitenzi.

"Utaisha huo ulimi," nilimwambia.

"Mwalimu amesema mtihani hautangoji kibali."

Yule mwanamume wa foleni alipita na karatasi zake, akasimama. "Mama mapacha, wamekupa nini?"

"Benchi," nikamjibu. Alicheka, akavua kofia, akasema, "Mungu awasimamie," akaenda.

Saa nne ikapita. Jeruto akalala mapajani mwangu, mafuta yake yakanipaka gauni. Nilitazama kitasa cha mlango ule jinsi Kimaiyo anavyotazama taa ya reli. Nilikuwa nimeshaamua: wakimrudisha, nitampeleka mwenyewe hadi Mbale nimkabidhi kwa mama yake mkononi, na Jepchumba atakwenda naye akasome huko huko. Sikumwambia mtu. Wasiwasi wangu, ukishapata kazi ya kufanya, hutulia.

Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka wote, si nusu, na Kiplangat akatoka ameshika karatasi kwa ncha za vidole viwili.

"Mwalimu, usiikunje bado. Muhuri haujakauka."

Nasimiyu alisimama akaipokea. Hakushangilia. Aliisoma pale pale mlangoni, kutoka juu hadi chini, akarudi juu akaanza tena, na Kiplangat akamsubiri kama mwanafunzi anayesubiri alama.

"Mpaka Desemba ya mwaka ujao," akasema hatimaye. "Na hawajakosea kitu." Akaupuliza muhuri. "Jepchumba, mwamshe Jeruto. Tuna kipindi saa tano."